Madai Yanayomlaza Punda Njaa

Punda akianza kukonda, kila anayepita ana jibu lake. Huyu atasema minyoo, yule atasema uzee, wa tatu atauinua mdomo wa juu, aone nyama imejaa nyuma ya meno, aagize chuma cha moto. Majibu haya yamezoeleka kwa wenye mikokoteni, kwa wenye farasi wa kupanda, hata kwa watu waliosoma vizuri. Mengi si kweli, na yale yenye chembe ya ukweli hutumiwa pasipo pake. Nayachukua moja moja, kwa sababu anayeyalipia ni mnyama asiyeweza kubishana nayo, pamoja na familia inayokula kwa mgongo wake. Ninaposema punda namaanisha farasi pia, kwa kuwa vinywa vyao vimejengwa kwa namna moja. Pale wanapotofautiana nitasema.

"Nyama imemjaa mdomoni, ndiyo inayomzuia kula. Achomwe."

Naanza na hili kwa kuwa ndilo linalotesa kuliko yote. Mshike punda wa miaka mitatu, uinue mdomo wake wa juu penye mwanga, utazame nyuma ya meno ya mbele. Utaona kaakaa limejaa, lenye rangi ya waridi iliyokolea na matuta yanayokatiza toka upande hadi upande. Tuta la kwanza linaweza kushuka hadi usawa wa meno yenyewe, au kuyapita kidogo. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea, kisha linajaa tena taratibu. Mtu ambaye hajawahi kutazama kaakaa la mnyama mwingine wa umri ule ataapa kwamba huo ni ugonjwa.

Sio. Kaakaa gumu la farasi lina matuta yapatayo 18, na chini ya utando wake umetandazwa wavu mzito wa mishipa ya damu ambao hujaa kwa urahisi. Kati ya miaka miwili na nusu na mitano, mnyama huyu anaangusha meno ya utoto na kuotesha ya ukubwani: jozi ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hivi, ya pili mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Jino linapopanda, damu huongezeka mahali pale na kaakaa hutuna. Meno yakishatoka, kaakaa hupungua lenyewe, bila dawa na bila chuma. Majani magumu yenye miba nayo yanaweza kulikwaruza na kulifanya livimbe kwa siku kadhaa, na hilo pia hupita.

Dai hili limepataje nguvu basi? Mnyama akisusa chakula, mahali pa kwanza mtu anapopatazama ni mdomoni, na kitu cha kwanza anachokiona mdomoni ni kaakaa. Lingekuwa limejaa hivyo hivyo hata kama mnyama angekuwa mzima, lakini hakuna aliyelitazama alipokuwa mzima. Anachomwa. Baadaye homa iliyokuwa imemfanya asile inaisha, anarudi kwenye majani, na sifa inakwenda kwa chuma. Wale ambao hawakurudi kula hawatajwi, au husemwa kwamba walicheleweshwa kuchomwa.

Sasa tazama chuma kinafanya nini. Pembezoni mwa kaakaa hilo, kila upande, unapita mshipa mkubwa wa ateri. Kisu kikiugusa, damu humwagika kiasi cha kutisha na ni vigumu mno kuizuia ndani ya kinywa. Chuma cha moto hakimwagi damu nyingi, ila huacha kidonda kibichi mahali ambapo kila tonge la majani litapita. Mnyama aliyekuwa na njaa ya siku mbili sasa ana maumivu ya wiki mbili. Kuna na pepopunda: ugonjwa huo haukulibeba jina la mnyama huyu bure, kwani farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wa kufugwa wanaodhurika nao zaidi, na kidonda kinachoguswa na udongo kila siku ni mlango wake. Nchini Ethiopia, ambako farasi wa kukokota magari ni wengi mno mijini, ukataji na uchomaji wa kaakaa umeandikwa mara nyingi na madaktari wa mifugo kuwa miongoni mwa desturi zinazoumiza wanyama hao. Wala si ujinga wa Waafrika. Mafundi wa kwato wa Uingereza walichoma makaakaa ya farasi vizazi kwa vizazi, mpaka madaktari kama William Youatt, aliyechapisha kitabu chake juu ya farasi mwaka 1831, wakawakemea.

Kwa hiyo kaakaa likijaa, liache. Mpe majani mabichi laini na maji, halafu utafute kinachomzuia kula. Mara nyingi kiko ndani zaidi, mahali ambapo jicho halifiki.

"Mbona meno yake ni mazima? Nimeyaona mwenyewe."

Uliyoyaona ni ya mbele. Hayo ni 12, sita juu na sita chini, na kazi yake ni kukata. Kusaga kunafanywa na magego 24 yaliyojipanga ndani ya mashavu, sita kila upande, juu na chini, na la mwisho kabisa liko karibu chini ya jicho. Kati ya meno ya mbele na magego kuna uwazi mrefu usio na jino, na mdomo wa punda haufunguki kwa upana wa kukuonyesha kilicho nyuma ya uwazi huo. Ndiyo maana daktari anayeijua kazi hii hatamki neno juu ya kinywa kabla hajaweka chuma cha kuachamisha taya, tochi kichwani na kioo mkononi, na mara nyingi kwanza amemdunga mnyama sindano ya kumtuliza. Usijaribu kupitisha mkono katikati ya magego kwa ujasiri. Taya hizo husaga vidole bila nia mbaya.

Jino la mnyama huyu si kama letu. La kwetu likishaota limekwisha kuota. Gego la farasi kijana linaweza kuwa na urefu wa sentimita nane hadi kumi, na sehemu kubwa yake imefichwa chini ya ufizi, ndani ya mfupa wa taya. Kila mwaka linasagika kwa milimita mbili au tatu, na kila mwaka linasukumwa juu kwa kiasi hicho hicho. Jino hilo basi liko safarini maisha yote. Nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa hukatika na kujifunga upya bila kukoma, na ufizi nao hulazimika kushikamana kila mara na sehemu mpya ya jino inayopanda. Ufizi mzima wa punda umebana sana: umekaza juu ya mfupa na kulikumbatia jino shingoni, bila nafasi ya unyasi kupenya.

Kinachoulinda ufizi huo ni mpangilio wa magego yenyewe. Ya mbele yameinama kidogo kurudi nyuma, ya nyuma yameinama kuja mbele, hivyo yote sita yanasukumana na kubanana yakawa ukuta mmoja. Ukuta ukipata upenyo, taabu inaanza. Upenyo mbaya zaidi ni ule mwembamba juu na mpana chini, karibu na ufizi. Huo ni dema: majani yanaingia kwa kila tafuno na hayana njia ya kutoka. Yanaoza pale pale. Ufizi unakuwa mwekundu, unavuja damu ukiguswa, kisha unaanza kuliachia jino na kushuka. Mfuko unatokea kati ya jino na ufizi, chakula kinazama zaidi, nyuzi za kushikilia zinaoza, na mwishowe mfupa wenyewe unaliwa. Hutokea zaidi kwenye magego ya nyuma ya taya la chini, mahali pagumu kuliko pote kupaona. Na kwa kuwa gego hupungua unene kuelekea mizizini, mnyama anavyozeeka sehemu nyembamba ndiyo inayopanda juu, na nyufa zinazidi kufunguka.

Haya hayakugunduliwa jana. Frank Colyer, daktari wa meno wa London, aliyachunguza mafuvu ya farasi wa mji ule na kuandika mwaka 1906 kwamba karibu theluthi moja yalikuwa na alama za ugonjwa wa fizi. Hao walikuwa farasi wa kazi, wakivuta mizigo mitaani siku nzima, na wengi wao wenye nao wangesema meno ni mazima.

Kama huna tochi wala kioo, una macho, na ardhi husema mengi. Kaa karibu na punda anapokula, uyatazame majani yanayodondoka. Mwenye magego mabovu huanza kutafuna, husita, hupindisha kichwa upande mmoja, kisha huacha donge lidondoke: majani yaliyosokotwa, yameloa mate, yenye urefu wa kidole gumba hivi, na bado yana ukijani wake. Livunje donge hilo kwa vidole. Utakuta nyuzi nzima nzima, zimepondwa bila kusagwa. Nenda kwenye kinyesi chake. Ukikuta unyasi mrefu usiosagika, jibu ni lile lile. Mengine ni harufu ya uozo mdomoni, mate yanayochuruzika, shavu moja lililojaa chakula kilichokwama. Usaha unaonuka ukitoka pua moja tu, usiufanye mafua. Mizizi ya magego ya nyuma ya taya la juu imekaa kwenye sinasi, yaani matundu ya mfupa wa uso, na jino lililooza hutoa usaha wake kupitia pua ya upande wake.

Na ufizi huu ukishaugua hautibiwi kwa chumvi na maneno. Chakula kilichokwama lazima kitolewe, mfuko uoshwe, pengine upenyo upanuliwe kwa vifaa ili usinase tena, na jino lililolegea ling'olewe. Ni kazi ya daktari. Kazi yako ni kumwita kabla taya halijaliwa.

"Angekuwa anaumwa, angeacha kula."

Punda haachi kula kwa sababu ya jino mpaka hana namna nyingine. Atahamia upande mmoja wa kinywa, atachagua majani laini, atameza bila kusaga. Huo uvumilivu wake, unaosifiwa kila mahali, ndio unaomponza. Uingereza, uchunguzi wa vinywa vya punda 357 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 73 wana kasoro ya meno ya namna fulani. Kwa wadogo kabisa ilikuwa asilimia 28, kwa wazee ikafika 98. Punda wale walikuwa wanatunzwa, wanalishwa, wana daktari. Wengi hawakuwa wameacha kula.

Hapa punda na farasi wanatofautiana, na tofauti hii inaua. Punda akiacha kula kweli kweli, mwili wake huanza kuyayusha mafuta uliyoyahifadhi na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi usioweza kudhibitiwa. Ini linazidiwa, figo zinafuata, na kwa siku chache amekufa, hasa aliyekuwa mnene au jike mwenye mimba. Anayengoja punda asuse ndipo aamini kwamba meno yanauma amengoja mpaka hatua ya dharura.

"Punda milia wa Serengeti hana daktari wa meno."

Hili lina ukweli ndani yake, na kwa hiyo linastahili jibu la heshima. Punda milia hula majani makavu, magumu, yaliyojaa chembe za silika, kwa sehemu kubwa ya mchana na usiku. Taya lake la chini linafagia kwa upana kutoka upande hadi upande, na gego zima linasagika sawasawa. Dawa bora ya meno ya mnyama huyu ni majani mengi na muda mrefu wa kuyatafuna. Sitabishana na anayesema hivyo.

Ila mwangalie punda wako. Anafungwa shogi au mkokoteni alfajiri, anapewa pumba mchana kwenye karai, anamaliza kwa dakika chache, jioni anapata mabua. Kilo moja ya majani makavu humtafunisha farasi mara 3,000 hivi. Kilo ya nafaka humtafunisha mara 1,000 au pungufu, tena kwa miondoko mifupi ya juu na chini. Na taya la juu ni pana kuliko la chini. Taya lisipofagia kwa upana, ukingo wa nje wa magego ya juu na ukingo wa ndani wa yale ya chini hausagiki. Unabaki na kuwa na makali ya wembe. Wa juu unakata shavu, wa chini unakata ulimi. Mwenye farasi anayefunga hatamu kwa kukaza anayabana mashavu hayo juu ya makali hayo, halafu anashangaa mnyama anarusha kichwa.

Kutafuna kunaleta na mate, na hilo watu hulisahau. Sisi mate hututoka hata tukitazama chakula. Farasi hutoa mate anapotafuna tu, hadi lita 40 kwa siku, na hayo ndiyo yanayolainisha chakula na kupoza asidi ya tumbo. Asiyetafuna anameza chakula kikavu. Kinaweza kumkwama kooni, au kujikusanya tumboni na kumpa msokoto.

Na punda milia mwenye gego lililovunjika? Hatumwoni. Amedhoofika, amebaki nyuma ya kundi, simba au fisi wamemmaliza. Tunaowaona na kuwasifu ni waliobaki. Punda uliyemnunua kwa fedha zako unataka akutumikie miaka 20, naye hawezi kuchagua malisho yake.

Lamu, ambako mitaa ni myembamba na punda ndiye gari la mchanga, mawe na saruji, wengi huachiwa baada ya kazi wajitafutie chakula, na kwenye majalala wanaokota hata mifuko ya plastiki. Huko si mbugani. Kituo cha punda kilichoanzishwa Lamu mwaka 1987 na shirika la Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, hutibu bila malipo. Mwenye punda pale hana sababu ya kungoja.

"Anakataa lijamu kwa ukaidi."

Rudi kwenye ule uwazi usio na jino. Lijamu hukaa hapo hapo, juu ya utando mwembamba wa ufizi uliofunika mfupa wenye ukingo mkali. Hakuna nyama ya kuupokea uzito wa chuma. Mkono mzito kwenye hatamu huchubua ufizi huo, na ukichubuka mara kwa mara mfupa wa chini yake huvimba na kuota vigongo. Wapo pia wanyama wenye kijino kidogo kisicho na kazi, kilichoota mbele tu ya gego la kwanza. Lijamu likikigonga, au likibana ngozi ya shavu juu yake, maumivu ni ya ghafla. Madume wana pia meno ya chonge katika uwazi huo. Majike wengi hawana, au wana madogo tu.

Kabla ya kumpiga fimbo, mvue lijamu, upitishe kidole gumba kwenye uwazi huo taratibu, upande huu na ule. Akishtuka pale pale kila unapopagusa, umepata jibu. Chuma kilichopata kutu au kuvunjika ncha kitupwe. Mapumziko ya wiki kadhaa bila chochote mdomoni yametibu "ukaidi" mwingi.

"Meno yanasema ana miaka 17."

Yanasema kwa uhakika mpaka mitano hivi, kwa sababu hadi hapo tunahesabu meno yanayoota. Baada ya hapo tunasoma jinsi yanavyosagika, na yanasagika kulingana na udongo, majani na taya lenyewe. Madalali hupenda mfereji mdogo wa rangi ya kahawia kwenye jino la pembeni la juu, uliopewa jina la Sydney Galvayne, mfunzaji farasi wa karne ya 19: eti hutokea mnyama akiwa na miaka kumi, hufika nusu ya jino akiwa na 15, mwisho wake akiwa na 20. Ni makadirio. Wataalamu waliolinganisha makadirio hayo na umri ulioandikwa wa farasi wamekuta yakikosea kwa miaka mingi, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo yanavyopotea zaidi. Muuzaji akikutajia mwaka kamili wa punda mzee kwa kutazama meno, anakuuzia punda na uhakika asionao.

"Mpigie tupa meno yote mpaka yateleze."

Hapana. Uso wa gego unapaswa kuwa na mikwaruzo na migongo: enameli ngumu imekunjwa ndani ya dentini laini zaidi, na kwa kuwa vinasagika kwa kasi tofauti, uso hujinoa wenyewe. Ukiulainisha umemnyang'anya jiwe la kusagia. Kinachoondolewa ni ukingo mkali na jino lililopanda kupita wenzake kwa kukosa la kusagana nalo, na hilo la pili hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Ndani ya jino kuna mshipa wa fahamu na damu. Tupa ikizama sana inaufikia; mashine ya umeme ikikaa mahali pamoja inauchoma kwa joto. Jino likishakatwa kupita kiasi, taya lina milimita mbili au tatu tu za kulirudishia kwa mwaka. Na koleo la kuvunjia jino refu lisiguse kinywa chochote, kwa sababu hupasua jino hadi mizizini.

"Fizi ni mambo ya meno tu."

Ufizi ni dirisha la mwili mzima, na kulichungulia hakugharimu chochote. Inua mdomo wa juu. Ufizi wa mnyama mzima ni wa waridi hafifu, umeloa. Ubonyeze kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Ukiwa mweupe mfululizo, fikiria minyoo mingi, kupe au damu iliyopotea. Ukiwa mwekundu uliokolea kama matofali, hasa kwa mnyama mwenye msokoto wa tumbo, sumu imeingia kwenye damu na hakuna muda wa kungoja kesho. Unjano hulishtaki ini au damu inayoharibika. Ubluu ni hewa isiyotosha. Wapo wenye madoa meusi ya asili kwenye ufizi, kwa hiyo ujue rangi ya punda wako angali mzima.

"Hizi ni anasa za Wazungu."

Wafugaji wa nyika za Mongolia walikuwa wakishughulikia meno ya farasi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mafuvu yaliyofukuliwa huko, yaliyochapishwa na William Taylor na wenzake mwaka 2018, yanaonyesha jino la mbele lililojaribiwa kukatwa kwa chombo cha jiwe karibu mwaka 1150 kabla ya Kristo. Karne chache baadaye, lijamu la metali lilipoenea, wakaanza kung'oa vile vijino vidogo vya mbele ya magego. Hawakuwa na hospitali wala fedha za kuchezea. Walikuwa watu wa kuhamahama ambao farasi wao ndio maisha, nao waliona kinywani mwa mnyama kitu kinachostahili kushughulikiwa.

"Hana meno tena. Auzwe."

Kenya ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 mwaka 2009, na mwaka 2019 wakawa karibu milioni 1.2. Kati ya miaka hiyo yalifunguliwa machinjio yaliyowanunua kwa ajili ya ngozi, na bei ya punda ikapanda hadi wachukuzi wengi wakashindwa kununua mwingine. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo barani kote. Punda mzee aliyezoea njia, watoto na mizigo yako harudishiki sokoni kwa bei uliyomuuzia.

Ni kweli kwamba magego huisha. Akiba iliyo chini ya ufizi inamalizika, jino linakuwa laini na fupi, mengine yanadondoka. Hapo majani makavu marefu ni hatari kwake, kwa kuwa atayala kwa mazoea na yatamkwama. Lakini kukosa magego si kukosa tumbo. Mkatie majani mabichi vipande vifupi, visizidi ukucha. Loweka pumba na majani makavu yaliyosagwa mpaka vilainike kama uji mzito, uvigawe mara nne au tano kwa siku badala ya karai moja kubwa. Nafaka nyingi kwa mkupuo humletea maumivu ya kwato. Mtenge na vijana wanaomaliza chakula mbele yake. Maji yawepo muda wote, na kabla ya kuanza mlo huo daktari amwondolee jino lolote lililolegea, kwa sababu mzizi mmoja unaocheza huuma kuliko pengo.

Kila wiki mbili mzungushie kamba kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, uifunge fundo panapokutana. Kamba ile ile, mahali pale pale. Fundo likianza kulegea wiki hadi wiki, chakula hakimtoshi au kuna jino jingine linalouma, na daktari arudi akitazame kinywa wakati punda bado ana mwili wa kuokoa.